Likizo ya Unguja na Kofia Tatu

Baba alinipa ruhusa ya kwenda Unguja kwa masharti matatu. La kwanza, swala zisinipite. La pili, nimtii mama mdogo kama ninavyomtii mama aliyenizaa. La tatu alilitamka akiwa ameinamia cherehani yake, bila kuniangalia: "Na hizo ngoma zao, usiziingie." Nikajibu, "Ndiyo, baba." Nilikuwa na umri wa miaka 22, nimemaliza mwaka wa pili wa chuo, na sikuwa nimewahi kuvuka bahari.

Ilikuwa Julai 2019. Wenzangu wa darasa la utunzaji wa kumbukumbu walipangiwa mafunzo ya vitendo Dodoma, Mwanza na Arusha. Mimi nikapata barua ya ofisi moja ya Unguja inayohifadhi majalada ya zamani, wiki nane, bila posho. Kaka yangu, ambaye ni dereva wa bodaboda kwetu Morogoro, ndiye aliyenilipia nauli ya basi na ya boti. Kijiwe chake kilikuwa karibu na stendi ya Msamvu, na aliniambia kwa fahari kwamba nauli ile ni sawa na abiria wa siku nne. Nilipofika katikati ya mkondo wa bahari nikiwa nimekumbatia mfuko wa kutapikia, nilizikumbuka siku zile nne na nikaona aibu kuzimwaga baharini.

Mama mdogo anaishi Michenzani, ghorofa ya nne, katika mojawapo ya majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Mgeni akiyaona kwa mara ya kwanza hushangaa: katikati ya kisiwa cha minazi na vichochoro, pamesimama safu za saruji zilizonyooka kama rula. Vitabu vya watalii huyapita haraka kwenda Mji Mkongwe, mimi naona huko ni kukosa adabu. Ndani ya majumba yale ndimo Waunguja wengi walimolelewa, na ngazi zake zina historia ya ndoo za maji zinazopandishwa kila asubuhi. Wiki ya kwanza mikono yangu ilitoka malengelenge. Wiki ya pili nilikwisha kujua kwamba nyanya ni tungule, viazi ni mbatata, na kwamba ukiagiza mkate dukani utaulizwa kama unataka boflo. Adhana ya alfajiri ilitufikia kutoka misikiti mingi kwa mpigo, mmoja ukitangulia na mwingine ukifuatia, na sharti la kwanza la baba likawa jepesi kuliko nilivyodhani.

Kazini tulikuwa wanafunzi watano. Msimamizi wetu alikuwa mzee mwembamba aliyevaa kofia nyeupe na miwani iliyofungwa uzi, na sote tulimwita Maalim. Siku ya kwanza alituwekea mezani karatasi moja iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu akatuuliza ni lugha gani. Wenzangu wakasema Kiarabu. Mimi niliisoma polepole, kwa midomo, kama tulivyokuwa tukisoma juzuu mbele ya baba, na sentensi ya kwanza ilipokamilika nikagundua kuwa ni Kiswahili: mtu anamwandikia ndugu yake kuhusu minazi. Maalim akaniangalia juu ya miwani. "Umesoma wapi, binti yangu?" Nikamwambia, kwa baba, uani, kabla ya magharibi. Tangu siku hiyo wenzangu wakapewa kompyuta, mimi nikapewa vumbi.

Lilikuwa vumbi lenye mambo. Babu zetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya herufi za Kirumi kuja na wamisionari na wakoloni, na Unguja ilikuwa na kiwanda cha kuchapia vitabu tangu enzi za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Sikuwa nimefundishwa jambo hilo darasani. Katika majalada niliyopangua mlikuwamo mirathi, wakfu, hesabu za mashamba, na maombi ya vibali vya kupiga ngoma yaliyopelekwa kwa maofisa wa Kiingereza. Haya ya mwisho yalinichekesha peke yangu. Nilijiona nimeingia ngomani bila kuvunja ahadi ya mtu.

Ahadi niliivunja baadaye, na sitaki kusema ilikuwa bahati mbaya.

Julai ule ulikuwa mwezi wa matamasha Unguja. Tamasha la filamu hufanyika Ngome Kongwe, boma lililojengwa na Waomani walipokwisha kuwafukuza Wareno, na filamu zikimalizika jukwaani hupanda wanamuziki. Binti za mama mdogo, mmoja wa umri wangu na mwingine mdogo wangu, walikuwa na desturi ya kwenda. Mama mdogo hakuwakataza, alichowaambia ni saa ya kurudi. Nami nikaenda. Tuliketi kwenye ngazi za mawe, mabaibui yetu yamejaa harufu ya mishikaki ya Forodhani, kuta kuukuu zimetuzunguka, na popo wakipita juu ya taa. Saa tatu usiku simu yangu ikalia. Nilitoka nje mbio, nikavuka barabara hadi ukingo wa bahari. "Uko wapi?" baba akauliza. Nikamwambia niko na dada zangu, tunapunga upepo. Haukuwa uongo kamili, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi, kwa kuwa nilikuwa nimeutengeneza kwa ustadi.

Wanazuoni wetu wametofautiana juu ya ala za muziki, na mimi si mtu wa kutoa hukumu katika suala hilo. Ninachokijua ni kwamba niliahidi.

Mwezi huohuo tulikwenda Makunduchi, kusini ya kisiwa, kwenye Mwaka Kogwa. Ni sherehe ya mwaka wa jua, ambayo wenyewe huinasibisha na Nairuz ya Waajemi. Wanaume wa pande mbili za mji hupambana kwa makumbi ya migomba ili chuki za mwaka mzima ziishie hapo. Huwashwa moto kibanda cha makuti. Wanawake huzunguka wakiimba, wamevaa nguo zao nzuri kabisa. Baadhi ya masheikh huikemea sherehe hiyo, na wenyeji huijibu kwa pilau. Nasema hivyo kwa sababu ndiyo niliyoyaona: hakuna nyumba inayopenda kumaliza siku ile bila mgeni. Tulivutwa mikono na bibi tusiyemjua, akatukalisha mkekani, akatulisha, na alipojua kuwa mimi ni wa Morogoro akanifungia chakula kingine cha njiani, kana kwamba ningeondoka jioni ile kwa miguu.

Basi ikafika Agosti, na Eid al-Adha ikakaribia. Nyumbani kwa mama mdogo shughuli zilianza mapema: mapazia yakafuliwa, vileja na visheti vikatiwa ndooni, hina ikalowekwa. Katika Mji Mkongwe, klabu moja ya taarabu ilikuwa ikifanya mazoezi kwa ajili ya onyesho la Eid pili. Rafiki wa binti ya mama mdogo alikuwa akipiga fidla humo, na usiku wa Ijumaa, tarehe 9, akatualika tukasikilize.

Nikiri kwamba nilikwenda kwa hamu. Majalada yalikuwa yamenitia hamu hiyo. Inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash alimpeleka mtu wake, Mohammed Ibrahim, hadi Cairo akajifunze qanuni, na kutoka baraza ya mfalme muziki ule ukashuka taratibu hadi mitaani. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda Ikhwani Safaa. Kisha akaja Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyewahi kuuza vyungu kabla hajajulikana kwa sauti, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Mwanamke aliyetoka shamba, katika zama zile! Nilitaka kusikia kilichobaki.

Nilichokisikia kwanza ni ukimya mrefu. Mzee wa qanuni alikuwa akizikaza nyuzi zake moja baada ya nyingine, na nyuzi za qanuni ni nyingi kweli. Vijana wakangoja bila kuguna. Kisha wakaanza bashrafu, muziki mtupu usio na maneno, fidla zote zikienda pamoja kama wimbi linalorudi. Chumba kilikuwa kidogo, feni haifanyi kazi, na jasho lilitutoka. Nilikuwa nimeiwekea simu ukimya ndani ya mkoba.

Nilipoifungua ilikuwa saa nne na nusu. Kaka alikuwa amenipigia mara tatu. Halafu kulikuwa na ujumbe: kofia tatu za mkono, inchi 22, 22 na nusu, na 23, fedha atatuma, zije na boti ya kesho ili wazivae Eid. Nikajua mara moja kofia mbili nyingine ni za nani. Walikuwa watu watatu pale kijiweni, yeye na rafiki zake wawili, hawaachani tangu madrasa. Nikasema moyoni, nitajibu asubuhi.

Asubuhi ya Jumamosi mama mdogo alikuwa amefunga pamoja na mahujaji waliokuwa Arafa siku ile. Jirani yetu alisema atafunga Jumapili kwa mwandamo wa kwetu, na wawili hao wakaachana ngazini kwa kucheka. Nilikuwa navaa viatu kwenda Darajani kutafuta kofia pale binti mdogo aliposema, "Dada, Msamvu si ndiko kwenu?"

Wasomaji wengi wanakumbuka. Lori la mafuta ya petroli lilipinduka Msamvu, watu wakakusanyika kuchota, na moto ukalipuka. Siku ile ya kwanza walihesabiwa makumi waliokufa. Kadiri majeruhi walivyofariki hospitalini, idadi ilipita 100. Wengi walikuwa vijana, na miongoni mwao walikuwamo waendesha bodaboda, kwa kuwa kijiwe kiko barabarani na mwenye pikipiki ndiye wa kwanza kuhitaji petroli. Sikuyajua hayo saa ile. Nilijua tu kwamba simu ya kaka haipatikani.

Niliipiga hadi nikaacha kusikiliza. Simu ya baba iliita bila kupokewa. Mama alipokea, akasema baba amekwenda hospitali ya mkoa kutazama, kisha akashindwa kusema. Picha zilikuwa zimeanza kusambaa na mama mdogo akazima televisheni, akachukua simu za binti zake akaziweka juu ya kabati. Alinikalisha mkekani akakaa nami, tasbihi mkononi, na mfungo wake. Adhuhuri ikaadhiniwa. Nilisimama kuswali na sikuweza kukumbuka ninasoma sura gani. Kila niliposujudu niliona zile simu tatu.

Saa tisa alasiri ikaingia namba nisiyoijua. "Ni mimi," akasema. "Usilie." Alikuwa amempeleka abiria Bigwa lori lilipopinduka. Aliporudi alikuta moshi, na tangu hapo alikuwa akibeba majeruhi kwa pikipiki kwenda hospitali hadi mafuta yalipomwishia, na simu nayo ikazimika. Sauti yake ilikuwa kavu. Nilimuuliza habari za wenzake. Akanyamaza, nikasikia watu wengi nyuma yake. Halafu akasema, "Zile kofia, usinunue."

Mmoja alikufa palepale. Jumapili walizikwa wengi pamoja katika makaburi ya Kola, naye akiwemo. Wa pili alipelekwa Muhimbili akiwa na majeraha ya mikono, kifua na kichwa.

Rais alitangaza maombolezo ya siku tatu, na Eid ikaangukia siku ya tatu. Tuliswali uwanjani, wanawake nyuma, hewa imejaa udi na asumini, na dua ya imamu ikawataja watu wa Morogoro. Nilisikia "amin" ya watu wasiowahi kuuona mji wetu. Mchana nyama ikagawanywa, sinia zikapanda na kushuka ngazi za Michenzani, na jirani waliosikia habari zangu walinijia mmoja mmoja na kunipa mkono. Jioni watoto walitaka kwenda Mnazi Mmoja, na mama mdogo akasema niwapeleke mimi. Nadhani alijua alichokuwa akikifanya. Unguja watoto husherehekea sikukuu siku nne, wakiwa na nguo mpya, miwani ya plastiki, na senti za sikukuu walizokusanya nyumba kwa nyumba. Nilishika mikono miwili midogo yenye kunata barafu ya ukwaju, na kwa muda wa saa nzima sikupata nafasi ya kufikiri.

Usiku ule nikampigia baba. Nilimwambia kwamba Ijumaa sikuwa nyumbani, nilikuwa kwenye taarabu, na kwamba mwezi uliopita nilikuwa Ngome Kongwe, siyo kupunga upepo. Alikaa kimya kwa muda. "Kaka yako alikupigia mara ngapi?" akauliza. Nikasema mara tatu. "Hilo ndilo likuume," akasema. "Hayo mengine tutazungumza ukirudi."

Eid pili binti za mama mdogo walikwenda kwenye onyesho. Mimi sikwenda, hakuna aliyenikataza.

Niliporejea kazini nilifanya kosa ambalo Maalim hakulitaja katika ripoti yangu, na ninalitaja mimi. Katika kuandika namba za majalada niliruka moja, na kila lililofuata likakosea, siku tatu mfululizo, yapata majalada 80. Alipogundua alivuta kiti, akafungua wino, tukaanza upya pamoja. "Majalada hayana haraka," aliniambia. "Yamekungoja miaka mia." Tulimaliza Ijumaa kabla ya adhana. Siku ya kuaga alinipa nakala ya ile barua ya minazi, nimwonyeshe baba.

Wiki ya mwisho kaka akanipigia tena. Rafiki yake ametoka Muhimbili, akasema, na amemuuliza kuhusu kofia. "Nunua," akasema, kisha akaongeza, "zote tatu."

Kofia ya mkono ya Unguja haishonwi upesi. Wanawake hukaa nayo majumbani wiki kwa wiki, wakitoboa vitobo vidogo na kuvizungushia uzi hadi ua litokee, na mama mdogo alinipeleka kwa mama mmoja wa mtaani kwake badala ya dukani. Nilizipima kwa utepe, 22, 22 na nusu, na 23. Katika boti nilizishika mapajani. Nilipotazama nyuma, Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la mwaka 1883, lilikuwa limesimama mbele ya bahari na mnara wake wa saa. Mwaka uliofuata, Desemba 2020, sehemu yake ya mbele na mnara ule viliporomoka, nami nikashukuru kwamba niligeuka kulitazama.

Baba aliisoma barua ya minazi mara mbili, akasahihisha neno moja nililokuwa nimelisoma vibaya. Tulizungumza kama alivyoahidi, na hayo yabaki kwetu. Alipokwisha alirudi kwenye cherehani yake, akashona kidogo, akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Yule wa qanuni," akauliza, "ni mtu mzima?" Nikamwambia ni mzee sana. Akatikisa kichwa. Katika ujana wake, akasema, redio ya Zanzibar ilikuwa ikishika vizuri usiku.

Kaka alivaa ya kwake. Rafiki yake aliipokea ya pili kwa mkono uliofungwa bandeji, akaiweka kichwani taratibu, upande usio na kovu kwanza. Ya tatu, ya inchi 23, tuliipeleka sote kwa mama wa marehemu. Aliigeuza ndani nje, kama afanyavyo mtu anayejua sindano, akapitisha kidole juu ya vitobo. Kisha akamwita mjukuu wake wa miaka mitano aliyekuwa akicheza uani, akamvika. Ilimshukia hadi machoni.

"Ataifikia," akasema, akaingia ndani kututilia chai.